Kraki ya Bure Iliyokula Ripoti ya Mtu

Muhula uliopita, wiki tatu kabla ya kukabidhi ripoti za utafiti, mwenzangu wa chumbani aliwasha laptopu akakuta kila faili lake limebadilishwa jina. Madodoso aliyokusanya kijijini kwa siku kumi na tisa, sura nne za ripoti, picha za mahafali ya dada yake, vyote vilikuwepo lakini hakuna kilichofunguka. Kwenye skrini kulikuwa na barua fupi inayodai pesa za kidijitali. Tulikaa kitandani tukiitazama kama watu waliofika msibani wasijue wampe nani pole.

Chanzo kilijulikana jioni ile ile. Siku mbili nyuma alikuwa ameshusha programu ya kutengenezea biti, ile wanayotumia maprodyuza wakubwa, pamoja na kifaili kidogo cha kuifungua bila kulipia. Maelekezo yalisema zima antivirasi kwanza, naye akazima. Mwizi anakwambia fungia mbwa kabla sijaingia, nawe unamfungia.

Siandiki haya kumcheka. Yeye mwenyewe ndiye aliyeniambia, "Andika, bana, labda mwingine ataponea hapo." Na mimi si mtakatifu. Nilipoingia mwaka wa kwanza nilikuja na programu ya kraki niliyowekewa na kijana wa duka la kompyuta mtaani kwetu, kwenye flashi moja na filamu za Kikorea na vitabu vya hesabu. Nimeitumia karibu miaka miwili. Sikupatwa na jambo, lakini ilikuwa bahati tu, na bahati haina risiti.

Hapa chuoni tuko wengi tunaotaka kufanya muziki kwenye kompyuta zetu wenyewe. Kuna wa biti za hip hop, kuna wa singeli, kuna wa amapiano, kuna sisi wa kwaya. Naona tatizo linaanzia kwenye swali tunalouliza. Mtu akitaka kuanza, swali la kwanza ni "prodyuza fulani anatumia nini?" Sawa na mtu anayetaka kuchemsha chai ya watu wawili akaenda kuulizia sufuria ya mpishi wa harusi. Ataambiwa kweli, na sufuria ataiona, ila hataweza kuinunua, na jikoni kwake haitaingia.

Mimi nauliza tofauti. Unatengeneza nini hasa? Mashine yako ina nguvu gani? Na kazi unayoitengeneza leo, miaka mitano ijayo utaweza kuifungua? Hili la mwisho watu hulipita haraka, na ndilo lililonibadilisha mimi.

Kwanza tuelewane tunachozungumzia. Sikwensa si mashine ya kurekodi, ingawa siku hizi programu nyingi zinafanya yote mawili. Sikwensa inatunza maagizo: noti gani ipigwe, lini, kwa nguvu ya kiwango gani (mwisho wake ni 127), iachiwe lini. Lugha ya maagizo hayo inaitwa MIDI. Watengenezaji wa vinanda walikubaliana juu yake mwaka 1983 na mpaka leo inafanya kazi, jambo la ajabu kidogo kwa kitu chochote cha kompyuta. Kwa kuwa ni maagizo tu wala si sauti yenyewe, wimbo mzima wa sauti nne unakuwa faili la kilobaiti chache. Unautuma WhatsApp na bando haliguswi.

Nitoe mfano wa kazi yangu. Napiga kinanda kwenye kwaya yetu. Tunafanya mazoezi Jumatano na Jumamosi, na kila mwaka tunapokea watu wapya ambao hawajawahi kushika karatasi ya muziki. Zamani mwalimu alikuwa anapoteza saa nzima akiwaimbia sauti ya pili peke yao huku besi wakichezea simu. Sasa nauandika wimbo kwenye sikwensa, kisha natoa mafaili manne. La kwanza soprano iko juu na wengine wako chini, la pili alto iko juu, hivyo hivyo hadi besi. Mtu anaenda nalo kwenye foleni ya kantini anajifunza sauti yake. Soprano wakilalamika kwamba wimbo uko juu mno, nazishusha noti zote hatua mbili kwa kubonyeza mara moja, na mwendo unabaki pale pale. Jaribu kufanya hivyo na sauti uliyoirekodi kwa simu, utasikia watu wazima wakiimba kama wametoka usingizini.

Kazi hii haihitaji programu ya dola mia tatu. Kwa kweli kwa upande wa kuandika noti natumia MuseScore, ambayo ni bure kabisa, halafu natoa MIDI na kuipeleka kwenye sikwensa. Yaani miaka ile miwili ya kraki nilikuwa naiba kitu nisichokihitaji. Inauma kukiri lakini ndivyo ilivyokuwa.

Kwa anayetaka biti tupu, bila kurekodi mwimbaji, ningemwambia aanze na LMMS. Ilianza mwaka 2004 kama programu ya Linux, sasa inaingia Windows na Mac pia. Ni bure, na bure yake si ya promosheni. Leseni yake inaruhusu kuinakili na kuigawa, kwa hiyo ukimwekea mwenzako kwa flashi hujavunja sheria ya mtu. Ina sehemu ya kupanga ngoma hatua kwa hatua, ina piano rolo, ina ala kadhaa ndani yake zikiwemo za ZynAddSubFX ambazo ukizitafiti vizuri zinatoa sauti nene sana. Aliyewahi kugusa FL Studio hatapotea humo, maana mpangilio unakaribiana. Kasoro yake kubwa ni kwamba matoleo yake ya kawaida hayarekodi sauti ya mtu. Utarekodi mstari wako kwenye Audacity, nayo ni ya bure, halafu uuingize kama kipande. Inawezekana, ila ukifanya nyimbo tano kwa mtindo huo utaanza kuchukia maisha.

Kwa anayerekodi sauti, na hapa ndipo nilipo mimi, chaguo langu ni Reaper. Muundaji wake, Justin Frankel, ndiye yule aliyetengeneza Winamp. Faili la kuisimika halifiki MB 20, dogo kuliko video moja ya magrupu yetu. Unapewa siku 60 za kuijaribu, na katika siku hizo hakuna kilichofichwa wala kufungwa. Leseni ya bei nafuu ni dola 60, inayoruhusiwa kwa matumizi binafsi na kwa biashara ambayo mapato yake hayazidi dola 20,000 kwa mwaka. Sidhani kama kuna mtu wa Hall atakayeshindwa sharti hilo.

Dola 60 ni kama laki na nusu na ushee kwa pesa yetu. Najua ni hela. Ukilinganisha na bumu ni maumivu. Mimi niliweka elfu kumi kila wiki, muhula mmoja ukaisha na mimi nikalipa kwa kadi ya mtandaoni niliyoitengeneza kwenye simu. Na siku 60 zikiisha kabla hujakusanya, programu haijifungi. Kila ukiiwasha inakusubirisha sekunde chache ikikukumbusha kwamba bado hujalipa. Nilipoona hivyo mara ya kwanza nilicheka. Mara ya ishirini sikucheka tena. Hawakunifungia mlango, wameniachia wazi na kunisubiri, na hilo lilinibana kuliko kufuli.

Sasa kasoro, maana sipewi kamisheni. Reaper inakuja mikono mitupu. Ukiifungua hukuti piano wala ngoma za kueleweka, unatafuta mwenyewe. Kuna plagini ya bure inaitwa sforzando, ya kampuni ya Plogue, inayofungua saundifonti, na saundifonti za bure za piano, ogani na zeze la Kizungu zimejaa. Utatumia wikiendi moja nzima kuzipanga. Pia sura yake ni kavu, kama ofisi ya mhasibu. Mtu aliyezoea taa za FL Studio ataiona kama adhabu kwa siku kumi za kwanza.

FL Studio yenyewe sitaisema vibaya. Ni ya kampuni ya Ubelgiji, Image-Line, wengine bado wanaiita FruityLoops, jina lake la miaka ya 1990. Kwa kupanga ngoma haraka sijaona inayoipita. Na kuna jambo watumiaji wa kraki hawalijui: ukiinunua mara moja, matoleo mapya yote unapewa bure maisha yako yote. Toleo dogo linauzwa karibu dola 100, na ukitaka makubwa unapanda. Soma vizuri kila toleo limepunguziwa nini kabla hujalipa. Wana toleo la majaribio pia, unatengeneza wimbo mzima na kuutoa kama sauti, ila mradi ukiuhifadhi na kuufunga hutaweza kuufungua tena mpaka ulipie. Kwa mtu ambaye biti ndiyo kazi yake, anauza, ana wateja, ningesema ajinyime, anunue hiyo. Kwa mtu anayefanya wimbo mmoja kila likizo, hapana.

Wapo watakaosema mbona umeruka za bure nyingine. Waveform Free ya Tracktion ni nzuri, haina kikomo cha idadi ya nyimbo za ndani, mashine ikiwa na nguvu ijaribu. Mwenye Mac ana GarageBand tayari, ashukuru. Cakewalk ndiyo yenye funzo. Mwaka 2017 kampuni iliyokuwa inaimiliki iliacha kuiendeleza, waliokuwa wameinunua wakabaki wanashangaa. Mwaka 2018 BandLab wakaichukua na kuanza kuitoa bure. Watu wakahamia kwa wingi. Mwaka 2023 wakatangaza kwamba itakayofuata ni ya kulipia. Siwalaumu, mali ni yao. Ila ndiyo maana nauliza lile swali la miaka mitano. Kitu cha bure kinachohitaji uingie kwenye akaunti ya mtu ili kifanye kazi kiko mkononi mwa mwenye akaunti. LMMS iliyoko kwenye flashi yako haitegemei mtu.

Kwa vyovyote, usitegemee mradi wa programu peke yake. Kila wimbo ukiisha natoa MIDI yake na kila sauti kama WAV peke yake, naweka kwenye folda moja na kuinakili kwenye flashi nyingine inayokaa kwa shangazi Ubungo. Programu ikifa, WAV na MIDI zitafunguka popote. Mwenzangu naye sasa anafanya hivyo, na ripoti yake ya pili, aliyoiandika upya kwa kumbukumbu na karatasi alizokuwa amezitupa chini ya kitanda, iko sehemu tatu.

Kuhusu mashine. Wengi wetu tuna laptopu za mtumba zenye RAM ya GB 4, na watu wanaamini hazifai. Zinafaa, ila kwa adabu. MIDI yenyewe ni nyepesi mno, kinachoelemea ni ala za kuigiza na madoido. Wimbo ukianza kukwamakwama, ugandishe: programu inaigeuza sehemu uliyoimaliza kuwa sauti ya kawaida na kuipumzisha ile ala. Halafu kuna lile lalamiko la kubonyeza kinanda na sauti kuchelewa. Watu wanadhani ni udhaifu wa programu, wanakimbilia nyingine. Mara nyingi ni akiba ya sauti imewekwa kubwa. Kwenye sampuli 44,100 kwa sekunde, akiba ya sampuli 2,048 peke yake ni ucheleweshaji wa milisekunde 46, na hapo vidole na masikio hugombana. Ukishusha hadi 512 unabaki na kama 12, unapiga bila kuona. Kwa Windows, weka kiendeshi cha bure cha ASIO4ALL kisha shusha akiba taratibu mpaka mashine ianze kukohoa, rudi hatua moja. Ukimaliza kupiga na kuanza kuchanganya, ipandishe tena mashine ipumue. Na washa ile kuhifadhi kwa kila dakika chache, mwenye betri iliyokufa anajua umeme wetu.

Jambo lingine dogo lakini linanikera. Programu hizi zote ukizifungua zinakupa gridi ya nne kwa nne, na mgeni anadhani muziki ndivyo ulivyo. Ngoma nyingi za kwetu zinaligawa pigo kwa tatu. Ukizipanga kwenye gridi ile na kubonyeza kitufe cha kunyoosha noti, zinanyooka kweli, na utamu unaondoka. Reaper na LMMS zote zinakubali gridi ya tatu, ibadilishe kabla hujapiga noti ya kwanza. Au usinyooshe kabisa. Mpigaji mzuri akichelewa kidogo ana sababu zake.

Na asitokee wa kuniambia kwamba muziki mkubwa hautoki kwenye vifaa vidogo. Singeli imetoka uswahilini Dar, kwenye vistudio vya chumba kimoja, na mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ikatoa mkusanyiko wa Sounds of Sisso kutoka studio ya Mburahati, ukasikika Ulaya. Zile biti za mapigo 200 na zaidi kwa dakika hazikuhitaji jumba.

Sasa nirudi kwenye wizi, maana hapo ndipo ninapogombana na washikaji. Hoja yao ni moja: hao wa Ulaya ni matajiri, sisi ni wanafunzi, hawatakufa. Naielewa. Nimeisema mwenyewe. Lakini ni hao hao washikaji waliokuja juu pale mtu wa stendi alipokutwa anawajazia watu memori kadi nyimbo zao bila kuwalipa hata senti. Walitaka COSOTA, walitaka polisi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, ile wanayoitaja, inazihesabu programu za kompyuta pamoja na vitabu na maandishi mengine kama kazi zinazolindwa. Ni sheria moja. Huwezi kuishika upande wa mwandishi wa wimbo na kuiachia upande wa mwandishi wa programu kwa sababu tu wewe leo uko upande ule. Yule wa stendi naye ana hoja yake tayari: wasanii ni matajiri, mimi nauza memori kadi.

Kama hakungekuwa na njia nyingine ningenyamaza, kwa kweli. Njaa ni njaa. Lakini nimetaja za bure tatu nne na moja ya kujinyima muhula mmoja. Kisingizio kimekwisha, labda kibaki cha kutaka jina la programu kubwa kwenye skrini wageni wakija.

Namalizia na serikali yetu ya wanafunzi, kwa kuwa gazeti hili ni lao na watasoma. Waheshimiwa, kila mwaka tunakodi spika kubwa kwa usiku mmoja wa kuwakaribisha mwaka wa kwanza. Punguzeni spika mbili. Kwa pesa hiyo nunueni leseni chache za Reaper, kwa sababu ile bei ya dola 60 inaruhusiwa pia kwa taasisi za elimu, mziweke kwenye kompyuta mbili tatu za chumba kile cha klabu kinachofungwa saa kumi bila sababu. LMMS, MuseScore na Audacity wekeni kwenye zote, hazitawagharimu kitu zaidi ya mchana mmoja wa mtu anayejua. Nimeshajitolea kuwa huyo mtu, barua niliipeleka ofisini Machi, na bado nasubiri jibu.

Wakati tunasubiri, flashi yangu ninayo. Mwenye ya kwake aje nayo Jumatano baada ya mazoezi ya kwaya, pale chini ya mwembe, nitamwekea hizo tatu za bure na faili la majaribio la Reaper. Mwenzangu atakuwepo pia. Ukimuuliza habari za antivirasi, jiandae kukaa.